Peke Yangu Njiani Kwenda Ars



Tarehe 4 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Leo nawasimulia nilivyofika kijijini kwake kwa baiskeli, na nilivyokuwa najidanganya kabla sijafika.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya falsafa. Ilibaki barua moja tu, ya kumwomba Baba Askofu niendelee na teolojia. Wenzangu walishaandika. Mimi kila nikishika kalamu, nasema kesho. Baba mlezi aliniuliza mara mbili kama kuna jambo linanisumbua. Nikamjibu, "Hapana Baba, niko sawa." Sikuwa sawa.

Mwezi wa saba nikaenda na kundi la vijana Taizé, Ufaransa, kwa wiki moja ya sala. Wiki ilipokwisha nikaazima baiskeli na hema, nikawaambia naenda Ars, kama kilomita 80 kuelekea kusini. Mwenzangu mmoja alitaka tuongozane. Nikakataa. Nilitaka mimi na Mungu tu, tumalizane.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kutoka Taizé hadi Cluny kuna njia ya baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani. Ni tambarare, ng'ombe weupe kushoto na kulia. Mbele ya Cluny unaingia handaki la Bois Clair, zaidi ya kilomita moja na nusu. Wakati wa baridi hufungwa ili popo walale kwa amani! Nikapita humo naimba. Kisha mashamba ya mizabibu, mji wa Mâcon, daraja la mto Saône. Nikajiona mtawa wa jangwani kabisa.

Halafu jua likawaka. Nikapotea kwenye vijibarabara vya mashambani, simu ikaisha chaji, chupa zote mbili zikakauka. Vijiji kimya, madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto. Na hema hupigi popote tu. Shamba lina mwenyewe, lazima umwombe. Nilipita nyumba nne, nikaona aibu kugonga.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba msafiri akikosa maji, aende makaburini, kuna bomba. Nikaenda. Pale nikamkuta bibi mmoja anajaza ndoo, amwagilie maua kwenye kaburi la mumewe. Kifaransa changu ni cha kuokoteza. Nikamwambia naenda Ars. Akaitazama rozari niliyoifunga kwenye usukani, akauliza, "Wewe ni padre?"

Nikajibu, "Bado."

Neno lilitoka lenyewe. Ningeweza kusema hapana. Sikusema hapana.

Akaniruhusu kupiga hema uani kwake, akanipa supu na mkate. Jioni akachukua ufunguo, tukaenda kanisani. Padre wao anahudumia vijiji vingi, kwa hiyo Misa pale ni ya mara moja moja. Lakini bibi hufungua mlango, hubadilisha maua, husali. Nikamuuliza huwa anaombea nini. Akanionyesha kiti cha padre, kitupu.

Usiku hemani nikamkumbuka nabii Eliya (1 Waf 19). Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na maji. Na Eliya alipozidi kulalamika kwamba amebaki peke yake, Mungu akamwambia kuna wengine elfu saba. Malaika wangu alikuwa na ndoo ya maua, na angeweza kunipita kwa sababu nilikuwa naona aibu kuomba. Kumbe darasani nilisoma kwa Aristotle kwamba binadamu ni kiumbe wa jumuiya, na mtihani nikafaulu vizuri tu!

Asubuhi bibi akanichorea ramani nyuma ya bahasha. Karibu na Ars kuna sanamu ya Vianney na mtoto mchungaji. Februari 1818 paroko huyo mpya alipotea kwenye ukungu, akamuuliza mtoto njia. Alipoonyeshwa, akamwahidi mtoto kwamba naye atamwonyesha njia ya mbinguni. Akakaa Ars miaka 41, hadi kifo chake. Na utume wote huo ulianza kwa kuuliza njia.

Nikapanga foleni ya kitubio. Nilipopata chaji, nikampigia baba mlezi. "Baba, sikuwa sawa." Akanyamaza kidogo. "Najua, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri." Barua niliiandika baada ya simu ile, kwenye benchi nje ya basilika.

Kijana mwenzangu, kukaa peke yako na Mungu ni kuzuri. Yesu mwenyewe alipanda mlimani kusali peke yake. Lakini wanafunzi wake aliwatuma wawili wawili. Upo upweke wa kumtafuta Mungu, na upo upweke wa kuwakimbia watu, na kwa nje vinafanana sana. Jiulize: ni nani hutaki akuulize kama uko sawa? Huyo ndiye mtafute leo. Mama, paroko, rafiki. Gonga mlango.

Ee Bwana, utuondolee aibu ya kuomba msaada. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee. Amina.