Aliyebaki Ufipa hakukata tiketi

Mei 18, 2020 Tanzania ilifungua tena anga kwa ndege za abiria kutoka nje. Julai mwaka ule, Jambojet ya nauli nafuu ikaanza tena kuruka Kenya. Abiria wakauliza: nikikaa bega kwa bega na nisiyemjua, nitasalimika? IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege, ilikwishasema kuacha wazi kiti cha kati kutapandisha nauli.

Wapo waliojibu kwamba asiyetaka asipande. Jibu hilo silikubali. Anayeshuka Songwe, Mbeya, bado ana safari ya basi hadi Sumbawanga, na huko kijijini yupo bibi anayemngoja. Bibi yule hakukata tiketi wala hakuulizwa ridhaa yake. Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni, akakataza pia aliyemo kutoka kwa kuikimbia. Katazo hili la pili linamlinda nani, ndugu msomaji, kama si yule aliye mbali?

Basi abiria mwenye homa, hata kama nauli yake hairudishwi (na uchungu wa nauli naujua), alipaswa kubaki alipo. Na shirika lililokataa kumbadilishia tarehe lilibeba sehemu ya dhambi hiyo.