Mkono na Kikapu



Mtoto mwenye njaa akichuma embe katika shamba la mwenyeji na kulila pale pale chini ya mti, je, ameiba? Na mzazi aliyemtuma mtoto huyo na ndoo, yeye tumwiteje? Swali hili si dogo kwetu sisi tunaoishi katika ardhi tuliyopewa kuitumia, si kuimiliki. Embe moja laweza kuleta ugomvi kati ya mkimbizi na mwenyeji, na msimu wa maembe ukapita ugomvi ukabaki.

Torati inalo jibu, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23. Ukiingia katika shamba la mizabibu la jirani yako, unaruhusiwa kula zabibu mpaka ushibe, lakini usitie hata moja chomboni. Katika shamba la nafaka unaruhusiwa kuchuma masuke kwa mkono, lakini usipeleke mundu. Ndiyo maana katika Mathayo 12, wanafunzi wa Yesu walipochuma masuke wakala, Mafarisayo waliwashitaki kwa kuvunja sabato. Hakuna aliyewaita wezi.

Kwa nini mkono uruhusiwe na chombo kikatazwe? Sisi twaona sababu ni hii: njaa ina mwisho, hofu haina. Tumbo la mtoto likijaa, linatosheka. Bali kikapu huchumia kesho, na kesho kutwa, na siku ambayo hatuijui. Mwenye hofu akijaza kimoja atatafuta cha pili. Torati yamhurumia mwenye njaa, na papo hapo yamlinda mwenye shamba dhidi ya hofu yetu.

Jambo hili tuliliona kwa macho tulipowapeleka watoto mashariki, Jinja na Mbale, kusalimia jamaa na kuchuma matunda shambani. Yasemekana Ulaya na Marekani kuna mashamba ambayo familia huingia, hujichumia, kisha hupimiwa na kulipa. Kule Jinja, katika nchi ya Wasoga yenye mafenesi mengi, mzee mwenye shamba alitufanyia vivyo hivyo bila kuandika tangazo. Aliwafundisha watoto kunusa fenesi na kuligonga ili wajue kama limeiva, na kupaka mafuta kisuni na mikononi ili utomvu usinate. Akawaambia, "Kuleni mshibe. Mtakachobeba, tutakihesabu." Mzee yule hakutaja andiko lo lote, lakini sheria ilikuwa ile ile.

Kule Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, tuliona wachumaji wa kahawa ya arabika. Tunda la kahawa haliivi yote kwa pamoja katika tawi moja. Mchumaji mwema huchukua nyekundu, huacha mbichi, hurudi tena baada ya siku kadhaa. Watoto wetu walishangaa. "Mbona wanaziacha? Si wengine watazichuma?" Hayo ni maneno ya watu waliokimbia. Aliyewahi kuacha chakula jikoni kikichemka hasadiki kwamba kilichoachwa leo kitakuwepo kesho. Ndipo twachuma mbichi, nasi hatupati utamu, wala mwenye shamba hapati faida.

Lakini mtu atasema, maneno haya ni mepesi kwa aliyeshiba. Ni kweli. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2020, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, nyingine zikaondolewa kabisa. Mama mwenye watoto sita hawezi kuwalisha kwa kiganja kimoja. Naye Mungu hakumsahau: Mambo ya Walawi 19 yamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asiokote yaliyoanguka, bali awaachie maskini na mgeni. Kwa hiyo wajibu uko pande zote mbili. Mwenyeji aache kitu. Mgeni aombe kabla ya kuokota, kama Ruthu alivyoomba. Kikapu chenye ruhusa, au kilicholipiwa kwa fedha au kwa kibarua, si wizi. Tena kina heshima ambayo mgao haukutupa kamwe, kwa kuwa tumechagua wenyewe na hatudaiwi.

Tuwakumbuke pia majirani zetu hapa Kiryandongo waliotoka Bududa, si mbali na Mbale. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mlima uliporomoka na kufunika kijiji cha Nametsi, watu wengi wakafa. Mwaka huo huo serikali ilileta baadhi ya walionusurika huku, kando yetu sisi wakimbizi. Wao ni raia wa nchi hii, lakini wanajua kama sisi tunavyojua jinsi ilivyo kuacha mgomba na mkahawa ulioupanda kwa mikono yako. Baadhi yao walirudi mlimani, ingawa hatari ilikuwa bado ipo.

Nasi tuliacha miti. Miembe ile huzaa kila mwaka, na yuko mtu asiye sisi anayeichuma. Tungependa afanye nini? Twadhani wengi wetu hatungemnyima ale ashibe. Tungemwomba tu asivunje matawi, asipukutishe mabichi, asibebe yote kana kwamba mti hauna mwenyewe.

Basi tuichume miti ya wenyeji wetu hivyo hivyo. Likizo ikifika, tuwapeleke watoto shambani mchana kweupe, kwa ruhusa ya mwenyewe, na fedha kidogo ya kulipia kikapu. Wale washibe, na mabichi wayaache mtini.