Faida ya Meza Ndogo Inatoka kwa Nani?

Kila anayeanza kunogewa na poka huuliza swali hili: je, meza ya dau dogo kabisa inalipa? Nazungumzia ile ya kasino za Marekani ambapo madau ya lazima ni dola 1 na dola 2. Wengi hujibu kwa hisia. Mimi naona tuanze na hesabu, maana wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Poka si ruleti. Fyodor Dostoevsky, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kukaushwa na ruleti, aliandika The Gambler mwaka 1866 kuhusu watu wanaopambana na gurudumu. Kwenye poka unapambana na jirani yako. Kasino inakodisha kiti tu, na kodi yake huikata kwenye fungu la mezani kabla mshindi hajalivuta: mara nyingi asilimia 10, hadi kikomo cha dola 5 hivi.

Dola 5 ni kitu gani, utasema. Haya, tupige hesabu. Kwa saa moja karata hugawanywa kama mara 30. Tuseme kila mara kasino inakata wastani wa dola 3, na mshindi anamwachia mgawaji karata bakshishi ya dola 1. Hizo ni dola 120 kwa saa. Wakikaa watu 9, kila mmoja na dola 200, mezani kuna dola 1,800. Baada ya masaa 8, dola 960 zimeshaondoka, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyezitia mfukoni. Haba na haba imejaza kibaba, ila kibaba ni cha kasino.

Sasa, hapo kuna anayeweza kupata faida? Yupo. Makato hutoka kwenye mafungu yanayoshindwa, kwa hiyo mtu mwenye subira, anayetupa karata mbovu na kuingia mara chache, hukatwa kidogo kuliko yule anayetaka kuona kila karata. Na meza ndogo haikosi watu wa aina hii ya pili: mtalii, mstaafu, kijana aliyetoka kazini Ijumaa. Mjuzi anaweza kubaki na dola kadhaa kwa kila saa, ingawa itambidi akae mamia ya masaa ndipo ajue kama ni ujuzi au bahati.

Lakini dola hizo zinatoka kwa nani? Poka haizalishi kitu. Kila senti anayoondoka nayo mshindi imetoka kwa aliyekaa naye. Wazoefu humwita mchezaji dhaifu samaki, na wana onyo lao: usigonge kioo cha tangi. Yaani usimkosoe, asije akajifunza, au akaudhika na kuondoka. Mchekee, mpongeze akibahatisha, muulize habari za watoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtu atanijibu: jamani, huyo ni mtu mzima, analipia starehe yake kama anavyolipia sinema. Hoja ina uzito, na kwa mtalii aliyetenga dola 100 za kupoteza naikubali kabisa. Ila tiketi ya sinema ina bei iliyoandikwa, na haipandi kwa sababu umelewa au umefiwa. Kwenye meza hii, saa nzuri kuliko zote kwa mjuzi ni ile ambayo mwenzake amechoka, amekunywa, na anafukuzia hela aliyokwisha kupoteza.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inalipa, kwa wachache na kwa kiasi kidogo. Kinachonisumbua ni sharti la malipo yenyewe. Ukishakaa na mtu usiku mzima, ukajua jina lake na la mkewe, kuna neno ambalo rafiki angemwambia ikifika saa 9 za usiku: "Kaka, inatosha, nenda nyumbani." Mchezaji wa faida naye analijua neno hilo. Lakini akilisema, amefunga duka lake mwenyewe.

Wewe ungelisema?