Kumchagulia Asiyesema

Mara tatu katika juma moja niliamka na kuukuta mmea uleule ukielea juu ya maji. Ulikuwa mmea mchanga wa majani mapana, asili yake Amerika ya Kusini, na niliununua kwa sababu ulinipendeza. Mara tatu niliishindilia mizizi yake katika mchanga wa tangi la kioo lililo sebuleni kwangu, hapa kusini-mashariki mwa Uingereza, na mara tatu samaki wasiofikia urefu wa kidole changu cha kati waliufukua. Asubuhi ya tatu, nikiwa nimeushika mkononi ukichuruzika maji, nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza dukani: mmea huu nilimchagulia nani?

Samaki wenyewe asili yao ni Ziwa Tanganyika. Wataalamu huwaita Neolamprologus multifasciatus. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege, na hata na kuhe, yule samaki mkubwa anayejulikana sana na walaji wa Kigoma. Lakini wao ni miongoni mwa walio wadogo kabisa katika ukoo huo. Huishi kwa makundi ndani ya magamba matupu ya konokono yaliyolala chini ya ziwa. Kila mmoja huchota mchanga kwa kinywa, akautema kando, akalizika gamba lake mpaka ubaki mlango tu. Hapo hulala, hutaga, hulea na hulinda mpaka wake dhidi ya jirani. Kuchimba kwao si utundu, ndiyo maisha yenyewe. Hawa wangu hawajawahi kuliona ziwa, kwani walizaliwa katika matangi ya Ulaya, watoto wa watoto wa waliozaliwa katika matangi. Hata hivyo kuchimba hawakukuacha.

Maji hayakuwa tatizo. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Maji ya bomba ya huku, yaliyopita katika miamba ya chaki na kuacha gamba jeupe ndani ya kila birika, hayako mbali sana nayo. Lakini yanayomfaa samaki si lazima yaufae mmea. Katika maji ya namna hii hewa ya kaboni iliyo huru ni haba. Kaboni nyingi imefungwa katika umbo la bikaboneti. Iko mimea inayoweza kujilisha kwa bikaboneti hiyo: Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, na Ceratophyllum, isiyo na mizizi, ambayo yote miwili huota katika Ziwa Tanganyika lenyewe. Iko mingine, kama Cabomba ya mabara ya Amerika, isiyoweza. Hiyo hufifia polepole huku mwenyewe akidhani imekosa mwanga. Kisha iko Anubias, mmea wa Afrika Magharibi ulio wa jamii moja na magimbi yetu. Huu haupandwi mchangani, kwani shina lake likifukiwa huoza. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, na baada ya muda mizizi hujishikia yenyewe. Mchimbaji atachimba chini yake atakavyo, wala hakuna atakayemghasi mwenzake.

Mtu angeweza kuishia hapo: Anubias juu ya jiwe upande wa nyuma, Vallisneria pembeni ikiwa imezungushiwa kokoto, magamba katikati, basi. Ninachotaka kuhoji ni kwa nini ilinichukua juma zima kulifikia jambo lililo wazi kiasi hicho.

Lugha yetu inatenganisha mambo ambayo mimi niliyachanganya. Kupendeza kunahitaji mtazamaji. Kufaa kunahitaji mwenye haja: kitu hakifai hivi hivi, humfaa fulani kwa jambo fulani. Wahenga hawakusema akupendezaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema akufaaye. Na kitenzi kuchagua kinapoingia katika kauli ya kutendea, mhusika hupewa nafasi ndani ya kitenzi chenyewe: nilimchagulia. Lakini kauli hii ina mtego. Nilimchagulia huweza kuwa na maana ya nilichagua kwa faida yake. Huweza pia kuwa na maana ya nilichagua badala yake. Sarufi haitenganishi maana hizi mbili. Ni dhamiri inayopaswa kuzitenganisha, nayo mara nyingi husinzia, kwa kuwa neno moja linatosha kuifariji.

Kuchagua kwa jicho tu kuna historia chungu kwetu. Magugumaji yalisafirishwa kutoka Amerika ya Kusini na kuenezwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake la zambarau. Kufikia miaka ya 1990 yalikuwa yamefunika ghuba za Ziwa Victoria, mitumbwi ikakosa njia. Hakuna aliyeuliza ua lile litamfaa nani baada ya kupendeza.

Wanafalsafa wananisaidia kwa kiasi. Kant alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wajibu kwa binadamu uliopita njia ya kuzunguka: anayemtendea mnyama ukatili huuzoeza moyo wake ukatili. Kwa kipimo hicho sikuwa na kosa, kwani sikuwa mkatili. Bentham, mwaka 1789, aliihamishia hoja kwenye maumivu. Hapo nako ningeachiliwa, kwani samaki wangu walikula na hata kuzaliana. Anayenibana ni Martha Nussbaum, ambaye katika Frontiers of Justice (2006) anaitazama haki kwa kuuliza iwapo kiumbe anaweza kuishi maisha ya namna yake. Kwa mtazamo huo, mchanga mtupu ulio katikati ya tangi si pengo linalosubiri pambo. Ni mahali pa kazi. Kuujaza kijani ni kumnyang'anya mtu shamba lake ili umpandie maua.

Ningeongeza jambo moja. Tunapenda kusema kwamba mnyama hasemi, kwa hiyo hatuna budi kumkisia. Lakini mmea uliofukuliwa mara tatu ni jibu lililotolewa mara tatu. Kilichokosekana hakikuwa sauti yake. Nililisikia jibu nikaliita ubishi.

Nisingeyaandika haya kama yangekuwa ya samaki tu. Baba alipofariki, nilimleta mama kutoka Kigoma aje kuishi nasi. Nilimchagulia chumba chenye joto kuliko vyote, zulia nene, na kiti kizuri kando ya dirisha linalotazama bustani. Kila nikirudi kazini nilikuta kiti kimehamishiwa jikoni, karibu na mlango wa nyuma. Nami nikikirudisha dirishani. "Mama, hapa kuna baridi," nilimwambia. Alinijibu kwa upole: "Sawa, baba. Ila kule nakaa tu." Nilimweleza mke wangu kwamba mama bado hajazoea. Baada ya miezi saba aliomba kurudi, akarudi.

Simlinganishi mama yangu na samaki. Yeye alikuwa na ulimi na aliutumia, na hilo ndilo linaloongeza uzito wa kosa langu. Nilikua nikisikia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku zote niliuelewa msemo huo kuwa kemeo kwa mgeni mvivu. Leo nausikia upande wa pili: jembe ni haki ya mgeni. Asiyepewa jembe siku ya tatu ataendelea kuwa mgeni hata mwaka wa saba. Bustani ilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka mlango wa nyuma, nami nilimpa mama dirisha la kuitazamia.

Ipo hoja nisiyoweza kuikwepa. Hata nikichagua mmea ulio bora kuliko yote, kioo kitabaki kioo. Ufaao haufuti deni la kumfungia kiumbe, kama vile chumba chenye joto hakikufuta umbali kati ya mama na kaburi la mumewe. Nakubali. Lakini sikubali kwamba, kwa kuwa deni kubwa halilipiki, madogo yasilipwe. Kiumbe aliyezaliwa katika kioo hawezi kurudishwa ziwani. Anaweza kuachiwa mchanga. Aliye mikononi mwetu, awe mzazi, mtoto, mgonjwa au samaki, hatudai tumjue kikamilifu ndipo tumchagulie. Anatudai tuangalie anafanya nini na tulichomchagulia, na tukubali kukiondoa.

Yule mmea wa majani mapana nilimpa jirani mwenye samaki wa namna nyingine. Katikati ya tangi langu sasa pana mchanga, magamba na vilima vidogo vinavyohama kila usiku. Wageni hunishauri nipande kitu pale pawe pazuri. Na kila Jumapili mama hunieleza kwa simu alicholima wiki hiyo, nami namsikiliza mpaka amalize.