Kubadili Njia ya Elimu

Ahadi ni deni, husema wazee, na kijana anayejaza fomu ya kuomba nafasi katika chuo kikuu huweka ahadi kubwa kuliko anavyofahamu. Huandika jina la kozi: udaktari, sheria, uhandisi, ualimu. Tangu siku hiyo mama humtaja kwa majirani kama daktari, na mjomba aliyeuza fahali wake kwa ajili ya karo huanza kuhesabu miaka. Ikiwa baada ya miezi michache kijana huyo ataona kwamba somo lile halipatani naye hata kidogo, na chuo kinaruhusu kuhamia kitivo kingine, je, ana haki ya kuhama? Ama amemdhulumu mjomba fahali wake?

Swali hili laweza kukufikia, msomaji, upesi kuliko unavyodhani. Hapa Kenya mwanafunzi aliyemaliza shule ya sekondari huchagua kozi kupitia KUCCPS, idara inayowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, kabla hajaketi hata siku moja katika darasa la chuo. Mlango wa kurekebisha uchaguzi na wa kuomba uhamisho hufunguliwa kwa muda, kisha hufungwa. Marekani desturi ni nyingine. Vyuo vikuu vingi huko humwachia mwanafunzi mwaka mmoja au miwili aonje masomo mbalimbali, ndipo atangaze somo lake kuu. Na ikiwa somo hilo hufundishwa katika chuo kingine kilichomo ndani ya chuo kikuu kile kile, huomba kuhamia huko, na aghalabu alama zake hutazamwa kwanza. Sisemi kwamba desturi hiyo ni bora. Anayeonja kila chungu huweza kutoka jikoni na njaa. Walakini inakiri neno moja la kweli: ni vigumu mtu kuahidi sawasawa jambo asilolijua.

Mtazame Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe aliyejulikana duniani kote. Mwaka 1825, akiwa na umri wa miaka 16, alipelekwa Edinburgh na babake, aliyekuwa daktari, ili naye asomee udaktari. Huko alishuhudia upasuaji mara mbili, na mmojawapo ulikuwa wa mtoto. Zama zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Kijana alitoka mbio kabla kazi haijaisha, wala hakurudi tena katika chumba kile. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Moyo hauchagui kinachoutisha. Lakini angalia alilolifanya baadaye: alinyamaza. Alikaa Edinburgh mpaka mwaka 1827, na baba akapata kujua ama kwa kuona mwenyewe, ama kwa kudokezewa na mabinti zake. Uzeeni Darwin aliandika kwamba alikuwa amekwisha kung'amua kuwa babake angemwachia mali ya kumtosha, na fikira hiyo ilimpunguzia bidii.

Kwa maoni yangu kosa lake lilikuwa katika kunyamaza, si katika kuuchukia udaktari. Kila mwezi wa kimya fedha za baba zilinunua kitu ambacho hakikuwapo.

Baba alipendekeza ukasisi. Safari hii kijana aliomba muda wa kufikiri kabla ya kujibu, na alipokubali aliandikishwa katika chuo cha Christ's, kimojawapo cha vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapo ndipo alipogundua kwamba Kigiriki alichofundishwa shuleni kilikuwa kimemtoka karibu chote, hata baadhi ya herufi zake. Ilimlazimu asome nyumbani kwa mwalimu, akafika Cambridge mapema mwaka 1828, wenzake wakiwa wamekwisha kuanza. Kuhama kuna gharama yake, na haki ni kwamba anayehama aichukue sehemu kubwa ya gharama hiyo yeye mwenyewe.

Shahada aliipata mwaka 1831. Ukasisi hakuupata kamwe. Utaniambia kuwa alivunja ahadi mbili na bado akawa mtu mkuu, basi ukuu wake ulimpa haki. La. Wengi hubadili masomo, na wachache mno huwa akina Darwin. Haki ya kuhama, kama ipo, sharti iwe haki ya yule pia atakayekuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya kawaida.

Tena baba yake Darwin alikuwa tajiri, na mjomba wako alikuwa na fahali mmoja. Je, maskini amefungwa na neno lake kuliko tajiri? Nimelifikiri sana neno hili, wala sioni jibu jepesi. Naona kwamba deni lako ni kwa mjomba, si kwa jina la kozi. Mwendee kabla mlango wa uhamisho haujafungwa, umweleze, nawe uwe tayari kusikia kwamba hana fahali wa pili. Huenda ikakubidi umalize ulichokianza. Kabla ya kumwendea, jiulize faraghani: kama alama zangu zingalikuwa nzuri, ningalitaka kuhama? Anayekimbia hesabu ngumu hutoa sababu zile zile anazotoa aliyekosea njia, na yeye tu ndiye awezaye kujua tofauti.

Mwaka ule wa 1831 John Stevens Henslow, profesa wa mimea pale Cambridge, alimpendekeza Darwin kwa safari ya meli iitwayo Beagle. Baba alikataa. Safari hii kijana hakunyamaza, wala hakutoroka. Aliandika kwa kalamu yake pingamizi zote za babake, moja baada ya moja, akampa mjomba wake Josiah Wedgwood, naye akazijibu kila moja kwa barua. Baba akaisoma, akakubali. Meli ilitweka tarehe 27 Desemba, na aliyelipa gharama za kijana alikuwa baba yule yule.