Daftari la Kuazimisha

Hebu nikuulize, msomaji mwenzangu: mtihani uko mlangoni, rafiki anataka daftari lako la Kiingereza. Utampa?

Korea Kusini, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati watahiniwa wanasikiliza Kiingereza. Si mchezo! Kabla ya Novemba 2017 daraja la Kiingereza lilitegemea umewapita wangapi. Rafiki akipanda, wewe waweza kushuka. Tangu hapo alama 90 kati ya 100 ni daraja la kwanza, hata mkifika wote.

Wengi watasema sasa ndipo wema umewezekana. Mimi nabisha. Kuazimisha bila kupoteza kitu ni wema, sawa, ila wa bei poa. Aliyeazimisha enzi zile ndiye ninayemtaka awe rafiki yangu. Lakini mama yake, mlipa tuisheni, jamani, angemwambiaje?