Mrekebishaji Arekebishwe na Nani?

Karibu kila kompyuta ina programu ya kuleta masasisho: inaziba mianya ya usalama, inaondoa kasoro, inaleta toleo jipya. Programu hiyo yenyewe ikigoma kuanza, wakati mwingine ndani ya mashine hakuna kingine cha kuinusuru. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwankoko, Manispaa ya Singida, na Jumamosi hufundisha wakatekumeni kigangoni. Tatizo hilo la mezani kwangu naliona kuwa swali kongwe la imani: je, moyo ulioharibika unaweza kujitengeneza?

Mashine ninazoletewa ni za mtumba, na mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: betri bapa ya volti 3, CR2032, imekwisha nguvu. Umeme ukikatika, saa ya mashine inarudi nyuma miaka mingi. Sasa, seva halali ya masasisho hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani tuko mwaka 2012 inakiona cheti cha 2025 kuwa hakijaanza kutumika, basi inamfukuza mwokozi wake kama tapeli. Saa yake haiwezi kuishuku, kwa kuwa ndiyo inayopimia.

Nabadilisha betri, narekebisha tarehe, naangalia kama huduma ya kusasisha imezimwa. Ikiendelea kugoma, napakua kisakinishi kipya kwa mashine nyingine, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, nakihamisha kwa flashi. Tiba inatoka nje.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo, alibishana juu ya jambo hili na mmonaki Pelagio. Pelagio alifundisha kwamba mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa nguvu ya utashi wake. Augustino alijibu kwamba utashi wenyewe umejeruhiwa. Unahitaji kuponywa kwanza, na uponyaji huo ni neema. Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago waliyahukumu mafundisho ya Pelagio.

Nasimama na Augustino. Aliyefuga chuki miaka mingi haioni kuwa chuki. Anaiona kuwa haki yake. Ndugu akija kuwapatanisha, anamwita msaliti. Kipimo chake kimepinda, na kila anachokipima kinatoka kimepinda.

Hata hivyo, Pelagio alikuwa na hofu ya kweli: watu wangejikalia tu wakisingizia udhaifu wao. Hofu hiyo naiheshimu. Mwenye mashine ndiye aliyeipakia kwenye bodaboda akaileta kwangu. Asingekuja, ufundi wangu usingemfaa kitu. Neema hutolewa bure, lakini mlango tunafungua sisi.

Tena si kila kinachotoka nje ni neema. Mwaka 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walipenyeza msimbo wao katika masasisho ya Orion, programu ya kampuni ya Marekani, SolarWinds. Wateja wapatao 18,000 waliyapokea, yakiwa na sahihi halali ya kampuni. Wapo na wahubiri wa namna hiyo: cheo ni halali, mafundisho yana sumu. Ndiyo maana Kanisa halimwachi muumini na sauti moja. Kuna Maandiko, kuna kitubio, kuna jumuiya ndogo ndogo ambako majirani wanakujua unavyoishi nyumbani kwako. Sauti inayokataa kupimwa na hizo, tusiifungulie.

Ndugu msomaji, usingoje moyo ugome. Chagua leo, ukiwa na akili tulivu, mtu unayempa ruhusa ya kukuambia umepotoka: mwenzi wako, mzee wa jumuiya, rafiki wa siku nyingi. Na siku atakapokuja ukamwona adui, msikilize mpaka amalize kabla hujajitetea.